Vifuniko vya ndani vya pikapu ya zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kubadilisha na kurudishia sura

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mtu anapofungua mlango wa pikapu iliyopigwa jua miaka ishirini au arobaini na kukuta dashibodi imepasuka, dari limelegea na plastiki zimepauka. Majibu yamepangwa kuanzia kuvua, kisha kusafisha, kukarabati, kupaka rangi na vitambaa, hadi mambo ya pembeni yanayowasumbua wachache. Kama jambo limeshaelezwa kwingine, utaelekezwa huko.

## Kabla ya kushika bisibisi

Vifuniko vya ndani ni vitu gani hasa?

Ni kila kinachofunika bati la kebini: paneli za milango, vifuniko vya nguzo za pembeni mwa vioo, plastiki ya kizingiti cha mlango, kifuniko cha ukuta wa nyuma ya siti, dari, vikinga jua, dashibodi na fremu zake, kapeti au raba ya chini. Baadhi ya pikapu za kale zina vifuniko vichache sana. Dashibodi ni bati lililopakwa rangi, na nguzo ziko wazi. Kwa gari la namna hiyo, kazi kubwa ni ya rangi ya bati, ambayo ina swali lake hapa chini.

Ninunue kipya au nikarabati cha zamani?

Kama kipande bado kina umbo lake na sehemu za kukishikilia hazijavunjika, kikarabati. Kifuniko kilichotoka na gari kiwandani kinakaa mahali pake bila ugomvi, kwa kuwa matundu yake yanakutana na matundu ya bati. Vipande vya kuiga mara nyingi ni vyembamba zaidi, na huhitaji kukatwa au kupashwa moto kidogo ili vikae. Usitupe cha zamani hata kama umenunua kipya, mpaka kipya kiwe kimefungwa na mlango unafunga. Nimeona watu wakitupa paneli mbovu, kisha wakakosa kiolezo cha kupimia tundu la spika.

Badilisha pale plastiki inapomeguka kwa kidole kama biskuti. Jua likishaimaliza kiasi hicho, rangi haiwezi kuirudishia nguvu. Itakuwa kipande chenye sura nzuri kitakachovunjika siku ya kwanza ya kukibana skrubu.

Nianze na kipande gani?

Anza na kidogo kisichoonekana sana, kwa mfano plastiki ya kizingiti au kifuniko cha nguzo ya nyuma. Kifanyie kazi yote, kuanzia kuosha hadi kupaka rangi, kisha kiache wiki nzima na ukikwaruze kwa kucha. Makosa utakayoyafanya hapo ni yale ambayo ungeyafanya kwenye dashibodi. Usivue kebini nzima siku ya kwanza. Skrubu hupotea, kumbukumbu hupotea zaidi, na gari hukaa miezi halina siti.

Pikapu yangu ina eabegi, yaani mfuko wa hewa unaojaa wakati wa ajali. Kuna hatari?

Ipo, na hili ni jibu la kusoma hadi mwisho hata kama una haraka. Zima gari, toa ufunguo, vua waya wa hasi kwenye betri, kisha subiri muda uliotajwa kwenye kitabu cha gari. Mfumo wa eabegi hutunza umeme kwa muda baada ya betri kukatwa, na muda huo hutofautiana kati ya gari na gari. Dakika kumi au zaidi si kupoteza wakati.

Viunganishi vya mfumo huu kwa kawaida ni vya rangi ya njano. Usivipime kwa mita wala kwa taa ya majaribio, kwa sababu umeme mdogo wa kifaa hicho unaweza kulipua mfuko. Kifuniko cha eabegi kwenye usukani au upande wa abiria usikipake rangi nzito, usikijaze lipu, usikivalishe ngozi. Kimetengenezwa kipasuke kwenye mstari maalumu, na chochote unachoongeza juu yake kinaweza kubadili namna kinavyopasuka. Vivyo hivyo kifuniko cha nguzo chenye mfuko nyuma yake, na siti zenye mfuko ubavuni. Hizo usizivalishe kava lisilo na nafasi ya mfuko kutokea.

Zana zipi zinatosha?

Vijiti vya plastiki vya kuchokonolea paneli, bisibisi ya nyota ya saizi mbili tatu, soketi ndogo, taa ya kichwani, tepu ya karatasi, kalamu na mifuko midogo ya kuwekea skrubu. Kila mfuko uandike ulikotoka. Piga picha kabla ya kuvua kila kipande na baada ya kukivua. Bisibisi bapa ya chuma iache sandukuni, maana ndiyo inayoacha makovu mengi kwenye kingo za plastiki.

## Kuvua bila kuvunja

Kwa nini klipu zangu, vile vibanio vinavyoshikilia paneli kwenye bati, zinavunjika kila ninapovuta?

Mara nyingi kwa sababu unavuta kutoka kwenye ukingo wa paneli badala ya kuvuta karibu na klipu yenyewe. Ingiza kijiti, kitelezeshe mpaka kiguse klipu, kisha inua hapo hapo. Sababu ya pili ni baridi: plastiki kuukuu ikiwa ya baridi haipindi, inavunjika. Liache gari juani saa moja, au pasha ukingo kwa kikausha nywele mpaka uwe vuguvugu.

Hata ukiwa makini, baadhi zitavunjika. Nunua klipu za akiba kabla hujaanza, na pima kipenyo cha tundu la bati, si cha kichwa cha klipu. Klipu iliyovunjika ikabaki nyuma ya bati la mlango itoe. Ukiiacha itagonga ndani ya mlango kila unapopita kwenye mashimo, na utaitafuta kelele hiyo muda mrefu.

Paneli ya mlango haitoki ingawa nimetoa skrubu zote. Nimesahau nini?

Karibu kila mara kuna skrubu moja imejificha. Itafute ndani ya kikombe cha mkono wa kuvutia mlango, nyuma ya fremu ya kitasa cha kufungulia, chini ya kifuniko kidogo cha duara kwenye sehemu ya kuwekea mkono, na kwenye pembe ya kioo cha pembeni. Halafu kumbuka kuwa paneli nyingi hazitoki kwa kuvutwa kwako moja kwa moja. Klipu zikishaachia, paneli huinuliwa juu ili itoke kwenye mfereji wa chini ya kioo. Ikikugomea, usitumie nguvu. Paneli yenye klipu zote zimeachia hutikisika pande zote, na ile yenye skrubu hubaki imekaza mahali pamoja, na hapo ndipo pa kutafuta.

Mkono wa kuzungushia kioo nautoaje?

Baadhi una skrubu katikati, chini ya kifuniko kidogo. Mingine imeshikiliwa na klipu ya waya yenye umbo la kiatu cha farasi, kati ya mkono na paneli. Chukua kitambaa cha pamba, kipitishe nyuma ya mkono, kikaze, kisha ukivute kushoto na kulia kama mtu anayeng'arisha kiatu. Nyuzi za kitambaa hunasa ncha ya klipu na kuitoa. Weka mkono wako mwingine juu yake, kwa sababu huruka. Wakati wa kurudisha, ipachike klipu kwanza kwenye mkono, kisha usukume mkono kwenye mhimili mpaka usikie mlio.

Kuna karatasi ya nailoni nyuma ya paneli, imechanika. Naweza kuitupa?

Usiitupe kabla hujaweka nyingine. Watu wengi huiona kama takataka za kiwandani, kumbe ndiyo inayolinda kazi yako yote ya mlangoni.

Mvua ikinyesha, maji huteremka na kioo na kupita kwenye raba ya juu hadi ndani ya mlango. Hilo ni la kawaida. Mlango una matundu chini ya kuyatolea. Lakini ndani humo maji hurukia vyuma na kupiga upande wa kebini, na bila ile nailoni yanafika moja kwa moja kwenye paneli. Paneli nyingi za zamani zimejengwa kwa hadibodi, yaani ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ambayo hunywa maji, huvimba, kisha huachia klipu zake. Ukiona paneli imepinda sehemu ya chini na kapeti iko mbichi karibu na kizingiti, mkosaji mara nyingi ni nailoni iliyotupwa na mtu aliyeweka spika.

Kata nailoni nene mpya kwa kufuata ile ya zamani, na uibandike kwa gundi ya butili ya ukanda, ile nyeusi isiyokauka. Sehemu ya chini ya nailoni iingie ndani ya mlango kupitia upenyo wa bati, ili maji yarudi ndani ya mlango badala ya kudondokea kebini. Kisha zibua matundu ya chini ya mlango kwa waya laini.

Dari linatokaje kwenye kebini ndogo?

Toa vikinga jua, taa ya ndani, vishikio na vifuniko vya nguzo vyote. Raba za milango zivutwe juu kidogo mahali zinapobana ukingo wa dari. Kwa kebini ya safu moja ya siti, laza siti au itoe kabisa, kisha toa dari kwa mlango mpana zaidi huku mkiwa wawili. Ubao wake huvunjika ukikunjwa hata mara moja, na mkunjo huo utaonekana chini ya kitambaa kipya.

## Kuijua plastiki na kuisafisha

Nitajuaje plastiki yangu ni ya aina gani, na kwa nini nijali?

Kwa sababu rangi inayoshika kwenye aina moja hubanduka kwenye nyingine kama ganda la kitunguu. Geuza kipande utazame nyuma. Mara nyingi utakuta herufi, ambazo ni kifupi cha jina la plastiki, kati ya alama mbili za mshale: >ABS<, >PP<, >PVC<, au mchanganyiko kama >PP-T20<, maana yake ni PP iliyochanganywa na unga wa madini asilimia 20. Magari ya kale zaidi huenda yasiwe na alama yoyote.

Alama ikikosekana, kwangua kipande kidogo kutoka sehemu ya nyuma na ukitie kwenye glasi ya maji. PP tupu huelea, ABS huzama. Lakini tahadhari: PP yenye unga wa madini inaweza kuzama pia, kwa hiyo kuzama peke yake si ushahidi. Jaribio la pili ni tone la asetoni, kiyeyushi kama kile cha kufutia rangi ya kucha, mahali pasipoonekana. ABS hulainika na kunata, PP haishtuki.

ABS hupokea gundi na rangi kwa urahisi. PP ina uso wenye asili ya nta, na bila praima maalumu ya plastiki, yaani tabaka la kwanza la kushikilia rangi, hakuna rangi itakayodumu juu yake. Vinili, yaani PVC laini ya kwenye paneli na juu ya dashibodi, hutaka rangi inayopinda nayo.

Nimepaka rangi ikafanya vishimo vidogo vya duara kama macho ya samaki. Tatizo ni nini?

Silikoni. Dawa za kung'arishia dashibodi huacha silikoni, na miaka ya kupaka kila wiki huifanya iingie kwenye kila mfereji wa plastiki. Rangi inaikimbia, na ndiyo maana ya vile vishimo. Kuongeza tabaka la pili hakufuti kosa hilo. Inabidi uoshe upya.

Hivi ndivyo ninavyoosha, na nasisitiza kwa sababu kazi nyingi za rangi ya ndani huharibikia hapa, kabla ya kopo la rangi kufunguliwa. Kwanza, maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na brashi laini, mara mbili, mpaka maji yatoke meupe. Suuza sana. Kausha kabisa, ikiwezekana usiku kucha. Kisha futa kwa dawa ya kuondoa nta na mafuta ya kabla ya rangi, ukitumia vitambaa viwili: kimoja cha kupaka, kingine kikavu cha kufuta kabla dawa haijakauka. Ukitumia kimoja tu unahamisha uchafu kutoka huku kwenda kule. Maliza kwa spiriti ya isopropili. Tangu hapo shika kipande kwa glavu safi, maana mafuta ya vidole nayo yanatosha kuharibu.

Kisha kuna jaribio rahisi: nyunyiza maji safi kidogo. Yakitandaa kama utando, uso uko safi. Yakijikusanya matone, rudia. Jaribio hili linafaa kwa bati, lakini kwa plastiki usilitegemee, hasa PP, kwani PP hukataa maji hata ikiwa safi.

Nipige msasa namba ngapi?

Kwa plastiki laini isiyo na mikunjo ya kuiga ngozi, namba 400 kisha 600, ukipiga ukiwa na maji. Kwa plastiki yenye mikunjo, usitumie msasa wa karatasi. Utakula vilele vya mikunjo na kuacha madoa yanayong'aa. Tumia pedi ya kukwaruzia ya kijivu, ile inayofanana na ya kusugulia sufuria lakini laini zaidi, pamoja na sabuni. Vinili usiipige msasa kabisa.

## Kukarabati

Kifuniko kimepasuka. Naunganishaje?

Kama ni ABS, una dawa nzuri kuliko gundi ya dukani. Katakata vipande vya ABS visivyo na kazi, vitie kwenye chupa ya glasi pamoja na asetoni, funga, acha mpaka siku ya pili. Utapata uji mzito ambao ni plastiki ile ile. Toboa tundu dogo la milimita mbili mwisho wa ufa ili usiendelee mbele. Kwa nyuma, pakaza uji, laza wavu mwembamba wa nyuzi za kioo, pakaza tena. Mbele jaza kidogo kidogo. Uache siku mbili tatu kabla ya msasa, kwa sababu asetoni hutoka polepole na uji hunywea. Fanyia kazi hii nje, mbali na moto.

PP haiyeyuki kwa asetoni, na epoksi ya kawaida huachia. Inachomelewa kwa kijiti cha PP na hewa ya moto, au kwa kichomeo bapa. Jifunzie kwenye kipande kibovu kwanza. Kama huna kifaa, bamba jembamba la aluminiamu nyuma ya ufa, likishikiliwa na riveti ndogo mahali pasipoonekana, hudumu kuliko gundi yoyote.

Tundu la skrubu limepanuka, skrubu inazunguka tu.

Kwa ABS, jaza uji ule ule kisha toboa upya. Kwa nyingine, tafuta klipu ya bati yenye uzi wa skrubu inayovishwa ukingoni mwa tundu. Usiongeze ukubwa wa skrubu. Skrubu nene hupasua mguu mzima wa plastiki.

Dashibodi ina nyufa juu. Kujaza, kuvalisha kofia, au kuvua?

Nyufa hutokea kwa sababu vinili hupoteza vilainishi vyake kwa joto la miaka mingi. Inasinyaa huku sponji iliyo chini yake ikiishikilia, mpaka inapasuka. Kwa hiyo ukijaza ufa mmoja na kuacha ngozi iliyobaki ikiwa kavu, ufa mwingine unakuja. Sisemi hivi kukukatisha tamaa, ni ili uchague ukijua.

Kujaza kunafaa kwa ufa mmoja au nyufa mbili fupi. Kata kingo zilizoinuka ziwe na mteremko, toa sponji iliyooza, jaza kwa lipu inayopinda, kisha iga mikunjo kwa kugandamiza kipande cha ngozi bandia juu ya lipu kabla haijakauka. Lipu ngumu ya mwili wa gari haifai, itaachia msimu wa joto unaofuata. Kofia ya plastiki inayobandikwa juu ya dashibodi ni njia ya haraka na inapendeza kama imekatwa kwa ajili ya gari lako hasa. Ijaribu ikiwa kavu kabla ya gundi, hakikisha matundu ya hewa ya kioo cha mbele yako wazi, na kumbuka jibu la eabegi hapo juu. Kuvua dashibodi nzima na kuivalisha ngozi mpya ni kazi ya fundi mwenye vifaa, na ndiyo inayodumu kuliko zote.

Dashibodi yangu ni ya bati. Nafanyaje?

Hapa uko kwenye rangi ya gari ya kawaida: ondoa kutu, praima ya epoksi, rangi. Mambo mawili. Rangi ya kale inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo ipige msasa ikiwa na maji, vaa kinga ya pua ya vumbi laini, na usiache vumbi mahali watoto wanapocheza. Pili, sehemu ya juu iliyo chini ya kioo iwe isiyong'aa. Tazama swali la mng'ao.

Kroma ya plastiki imefifia. Inang'arishwa?

Kroma nyingi za ndani ni tabaka jembamba mno la aluminiamu juu ya plastiki, likifunikwa na vanishi. Ukiisugua kwa dawa ya kung'arishia chuma, kroma yenyewe inatoka kwenye kitambaa. Osha kwa sabuni tu. Ikiwa imekwisha, tumia kalamu ya rangi ya kroma kwa mistari myembamba, au ipeleke kwa wanaofunika plastiki kwa chuma.

## Rangi

Nitumie rangi gani?

Kwa vinili na plastiki za ndani, tumia rangi ya kopo iliyotengenezwa kwa ajili ya vinili na plastiki. Hii ni nyembamba, haizibi mikunjo, na hupinda. Rangi ya kawaida ya chuma hujaza mikunjo na kukatika kwenye kona. Kwa PP, praima ya plastiki inatangulia, na mara nyingi rangi hupuliziwa juu yake ndani ya dakika chache kabla haijakauka kabisa. Soma kopo, kwa sababu muda huo ndio siri yote. Rangi za gari zenye kikaushio cha kuchanganya zina kemikali ya aisosianati, na kinga ya vumbi haiizuii. Hizo mwachie fundi mwenye kinga ya kupumulia inayostahili.

Nalinganishaje rangi na ile ya zamani?

Usilinganishe na sehemu iliyopigwa jua. Tafuta mahali palipojificha: chini ya kifuniko cha mkanda, nyuma ya redio, ndani ya kisanduku cha dashibodi. Hiyo ndiyo rangi ya asili. Baadhi ya magari yana namba ya rangi ya ndani kwenye bamba la utambulisho, tofauti na namba ya rangi ya nje. Ukipaka vipande vitatu tu, vingine vitaonekana vichafu hata kama ni visafi, kwa hiyo panga kupaka vyote vinavyopakana.

Ing'ae kiasi gani?

Isiyong'aa, hasa juu ya dashibodi. Dashibodi inayong'aa hujitazama kwenye kioo cha mbele, na jua likiwa mbele yako huoni barabara vizuri. Huu ni usalama kabla ya kuwa urembo. Kwa milango, mng'ao kidogo unakubalika na husafishika kwa urahisi.

Tabaka ngapi, na zikae muda gani?

Tabaka tatu au nne nyepesi hushinda mbili nzito. La kwanza liwe kama ukungu tu, hata plastiki bado ionekane. Acha dakika kumi hadi kumi na tano kati ya tabaka, isipokuwa kopo linasema vingine. Puliza kuanzia nje ya kipande na umalizie nje yake. Rangi huguswa baada ya saa moja hivi, lakini haijakomaa. Ipe wiki kabla ya kubana klipu na skrubu. Asubuhi yenye unyevu mwingi si wakati wake, na puliza mahali penye hewa, mbali na jiko au cheche.

Kabla hujapaka kipande kikubwa, jaribu kwenye kile kidogo: kata miraba midogo kwa wembe kwenye rangi iliyokomaa, bandika tepu, ing'oe kwa haraka. Rangi ikibaki, endelea. Ikitoka, rudi kwenye kuosha.

## Dari, kapeti na siti

Kitambaa cha dari kimeninginia. Gundi ya kupuliza itakirudisha?

Hapana. Kilichokufa ni sponji nyembamba iliyo nyuma ya kitambaa, ambayo joto na unyevu huigeuza unga wa kunata. Unapopulizia gundi unabandika kitambaa kwenye unga. Pini na stepla nazo ni za kusogeza siku.

Toa ubao, bandua kitambaa, sugua unga wote kwa brashi ngumu mpaka ubao ubaki mtupu. Vaa kinga ya pua. Kata kitambaa kipya chenye sponji yake nyuma, kikizidi pande zote kwa upana wa kiganja. Laza nusu ya kitambaa, pulizia ubao na mgongo wa kitambaa gundi inayostahimili joto la juu, subiri iguseke bila kuhamia kidoleni, kisha kilaze kutoka katikati kwenda nje. Rudia nusu ya pili. Gundi isiyo ya joto itaachia siku ya kwanza gari likiegeshwa juani, na utarudia yote.

Kapeti mpya ina mikunjo na haifuati sakafu.

Ilaze juani saa kadhaa kwanza. Irudishe ikiwa laini, anzia katikati kwenye kilima cha giaboksi, kisha nje. Kata kidogo kuliko unavyodhani. Na kamwe usitoboe kapeti kwa drili: ncha hunasa uzi mmoja na kuufumua hadi mwisho wa gari. Tafuta tundu la bolti kwa msumari mwembamba kutoka chini, kisha litanue kwa chuma cha moto au kwa kisu.

Kabla ya hapo, hakikisha sakafu ni kavu na haina kutu. Kapeti mbichi ina chanzo: matundu ya mlango yaliyoziba, raba ya kioo cha mbele, au hita inayovuja. Ile ya hita unaitambua kwa maji yenye utelezi na harufu tamu, na ukungu wa mafuta kwenye kioo.

Naweza kufua au kupaka rangi mikanda ya siti?

Ifue kwa sabuni nyepesi na maji ya uvuguvugu, kisha iache ikauke ikiwa imevutwa nje. Usitie jiki, usiipake rangi. Kemikali zinaweza kudhoofisha nyuzi bila kuonekana. Mkanda uliochanika au uliobeba ajali badilisha. Bolti zake zikaze kwa spana ya toku, ile inayopima nguvu ya kukaza, kwa kipimo cha kitabu cha gari, na usitumie bolti ya kawaida badala yake.

## Mambo ya pembeni

Baada ya kurudisha kila kitu, kuna mlio wa kukwaruzana.

Plastiki mbili zinagusana. Bandika vipande vidogo vya kitambaa cha felti kwenye miguso, si silikoni ya kupuliza, ambayo itakuletea shida ukitaka kupaka tena.

Kioo cha mbele kinapata utando mweupe kwa ndani tangu nilipomaliza.

Ni mvuke wa rangi, gundi na vilainishi vya vinili mpya vinavyotua kwenye kioo. Egesha gari juani vioo vikiwa wazi kidogo kwa siku kadhaa, futa kwa spiriti, rudia. Hupungua.

Plastiki ya kijivu imegeuka njano lakini haijapasuka. Lazima nipake rangi?

Si lazima. ABS ya rangi nyepesi inaweza kurudi karibu na rangi yake kwa krimu ya haidrojeni peroksaidi, ile ya saluni, ikifunikwa kwa nailoni na kuwekwa juani kwa saa chache huku ukiigeuza na kuiangalia. Vaa glavu na miwani. Ikikauka juu ya plastiki huacha mabaka, na njano inaweza kurudi baada ya muda.

Kuna vipande vya mbao. Vinarudishwa vivyo hivyo?

Mbao halisi hupigwa msasa, hutiwa mafuta au vanishi. Kama umetumia mafuta ya kitani, vitambaa ulivyofutia vitandaze nje mpaka vikauke, au vizamishe majini. Vikikunjwa na kuwekwa pembeni hujipasha moto vyenyewe na vinaweza kuwaka. Ikiwa ni plastiki yenye picha ya mbao juu yake, msasa utafuta picha, kwa hiyo ioshe tu na uipake vanishi isiyong'aa.